Feni Iliyosubiri Mia na Tano

Gari lilichemsha kwa mara ya tatu katikati ya pori, saa nane mchana, mvuke ukifuka kila upenyo wa boneti. Walikuwa wametoka kwenye mashimo ya dhahabu huko bondeni, na Mkwajuni, kwenye hospitali, bado ilikuwa mbali. Kwenye kiti cha nyuma alilala Asajile. Jiwe la shimoni lilikuwa limemsaga mguu, na khanga waliyomfungia ilikuwa imekauka damu mpaka ikawa ngumu kama ubao.

Tusekile, mkewe, alikuwa amempakata kichwa. Alikuwa amechoka kufukuza nzi.

"Maji," Asajile alisema.

Mzee Zebedayo, baba yake, aliyekuwa akiendesha, alishuka na dumu lenye lita mbili hivi. Hakumtazama mwanawe. Alijizungushia shati mkononi, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji ya moto yaliruka, yakambabua vidole na shavu. Aliuma meno, akangoja, kisha akamimina nusu ya dumu ndani ya rejeta. Asajile alisikia maji yakibubujika. Alilamba midomo iliyopasuka.

Tusekile alijua kosa lilipo. Jana yake, walipopita Nanyala wakienda kumchukua Asajile, mzee alikwenda kula na kumwacha fundi akimalizia kazi. Mzee ndiye aliyeagiza feni ya rejeta isiwake mpaka injini ifike joto la mia na tano, isije ikamaliza betri chakavu ya gari. Kwa baridi ya kwao Ileje, hilo halikuwa na madhara. Fundi alimwonyesha Tusekile kidude cha kuzungusha alichokifunga chini ya usukani: wakishuka kwenye joto kirudishwe themanini na tano, la sivyo maji yatachemka feni ikiwa bado imelala.

"Mwambie mzee," alisema, akaenda zake.

Lakini kwao mkamwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake. Wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Hata garini alikaa nyuma ya kiti cha mzee, ameshusha mtandio. Alikusudia kumwambia Asajile, yeye amfikishie baba yake. Walipomkuta, Asajile alikuwa akiweweseka, akimwita mama yake aliyekwisha kufa.

Gari liliwaka tena. Halikumaliza hata mlima mmoja.

Mzee alilishika dumu.

"Baba, hata tone," Asajile alisema.

"Ukinywa wewe tunakufa wote hapa. Meza mate."

"Sina mate."

Sauti ya Tusekile ilitoka ndogo, ameielekeza dirishani. "Kuna kidude chini ya usukani. Kiko mia na tano. Kirudishwe themanini na tano."

Mzee aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Nani kasema?"

"Fundi. Jana."

"Jana. Na umekaa hapo unaniangalia namwaga maji ya mtoto wangu."

Alikizungusha kwa vidole vilivyobabuka, ngozi ikabaki imenata pale. Kisha akamimina maji yote yaliyosalia. Baada ya mwendo mfupi feni ilivuma, na gari halikuchemsha tena. Asajile naye hakuomba maji tena, na hilo lilimtisha Tusekile kuliko kilio.

Walifika hospitali saa kumi na moja jioni. Mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema angewahishwa kwa saa mbili tu, pengine goti lingebaki.

Mzee, mkono umefungwa bandeji, alikuja kukaa benchi moja na mkamwana wake.

"Asijue," alisema. "Mimi nitasema gari lilikuwa bovu. Akijua atatuchukia wote wawili."

Tusekile alijua kwamba hakutakiwa hata kudanganya. Alitakiwa anyamaze tu, kama alivyofundishwa.

Nesi alifungua mlango. Mgonjwa amezinduka, alisema, anamtaka mkewe.

Tusekile alisimama, akavua mtandio.

"Nitamwambia, baba," alisema, akamtazama machoni mpaka mzee akainamisha uso.