Mdaiwa Asiye na Deni

Mwatum alikuwa uani kwake, Paje, anapiga makumbi ya nazi apate usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Tarishi wa mahkama akabisha hodi, akampa karatasi, akapanda baiskeli akenda zake.

Mwatum hakujua kusoma. Akamwita mumewe, Jecha.

"Imeandikwa, 'Mwatum binti Pandu, mdaiwa,'" Jecha akasoma.

"Mdaiwa? Nnadaiwa na nani? Mimi hata chumvi sikopi!"

"Tena kuna shauri Alhamisi."

"Shauri lao wakae nalo! Nani kawaomba shauri?"

"Mimi nnasoma tu, mke wangu."

"Unasoma lakini huelewi!"

Mwatum akaichomeka karatasi kwenye makuti ya paa. Siku hiyo aliyapiga makumbi kwa hasira mpaka mkono ukamuuma.

Jumatano alikuja jirani yao, Mzee Msabah, kununua kamba. Kabla ya kustaafu, Msabah alikuwa karani wa mahkama mjini. Akaiona karatasi, akaichomoa na kuisoma.

"Bi Mwatum, hii samansi! Mbona umeitia kwenye makuti?"

"Ya uwongo hiyo. Mimi sidaiwi."

"Hebu tulia. Mahkamani, mdai ni aliyepeleka malalamiko. Mdaiwa ni aliyelalamikiwa. Si lazima pawe na deni. Na shauri ni kesi. Mdai hapa ni Mkubwa, binamu yako. Anasema minazi sita aliyokuachia marehemu baba yako ni yake."

Mwatum akamnyang'anya karatasi. "Minazi yangu?"

"Na hapa chini: usipohudhuria, shauri litasikilizwa upande mmoja. Yaani hakimu atamsikiliza Mkubwa peke yake, na anaweza kumpa minazi."

"Lahaula! Sasa kwa nini wasiandike hivyo? Na Alhamisi yenyewe kesho!"

"Nenda. Tena uende na shahidi, mtu aliyeona kwa macho yake. Nami nitakusindikiza."

Mwatum akatoka mbio kwenda kwa Mzee Borafya, aliyeipanda minazi ile pamoja na baba yake Mwatum.

Alhamisi, Mkubwa alikuja mahkamani na kanzu mpya, hana shahidi hata mmoja. Karani akaita, "Mdaiwa!" Mwatum akainuka. Neno bado lilimchoma, lakini akajibu, "Naam." Borafya akaeleza kila mnazi ulipandwa lini na nani. Hakimu akaandika, kisha akasema:

"Dai limetupwa."

"Limetupwa?" Mwatum akapiga kelele. "Nimetoka Paje na jua lote hili, mje mnitupie?"

Msabah akamvuta buibui. "Limetupwa dai la Mkubwa! Umeshinda. Minazi ni yako."

Mwatum akaketi, machozi yakimtoka. "Watu hawa! Si mngesema tu kuwa minazi ni yangu?"

Siku ya pili akamwita mkwezi, nazi zikaangushwa.

Mwezi uliofuata, tarishi alimletea karatasi Mwanamkasi, mwanamke wa nyumba ya pili. Mwanamkasi akaikunja, akasema ataisoma mwanawe akirudi Ijumaa.

"Ijumaa?" Mwatum akamaka. "Vaa buibui lako! Twende kwa Mzee Msabah sasa hivi!"