Mikono ya Harlan Weatherby

Mikono miwili myeusi ilipanda, ikatulia kidogo hewani, kisha ikashuka, na okestra nzima ya Dodoma ikalipuka kwa sauti. Mikono hiyo haikuwa na kichwa wala kiwiliwili. Ilichomoza kwenye mhimili wa chuma uliosimikwa pale anaposimama mwongozaji, na vidole vyake vya nyuzi-kaboni vilikuwa na adabu zote za vidole vya binadamu. Kidole kimoja kikiinuka, fidla zinapunguza sauti. Kiganja kikifunguka, ngoma zinaingia. Wenye ukumbi waliiita mashine hiyo Kivuli.

Katikati ya viti vitupu, mzee mmoja wa Kimarekani, Harlan Weatherby, aliketi akisaga meno. Muziki uliokuwa ukipigwa aliutunga yeye. Mikono ile nayo ilikuwa yake, au tuseme aliibiwa kidogo kidogo, mchana kweupe, huku akisema asante.

Kwao Ohio, Harlan alikuwa mtu. Alitunga simfonia, akaongoza okestra za miji mikubwa, akasifiwa mpaka sifa zikamchosha. Kisha akili mnemba zikaanza kuwafufua waongozaji waliokwisha kufa. Okestra yake ikamwarifu, kwa heshima tele, kwamba nafasi yake inachukuliwa na marehemu fulani ambaye watu bado wanampenda. Hebu fikiria, mtu mzima, mzima wa afya, ananyang'anywa kazi na maiti! Okestra nyingine zikafuata mkumbo. Ndipo akaja Dodoma, jiji lililokuwa likinenepa kwa umeme wa jua na treni za sumaku, nalo likitafuta mtu wa kuliundia okestra. Siku aliyotua alimwambia dereva wa teksi kuwa yeye ni kondakta, kama Kiingereza kinavyomwita mwongozaji wa okestra, na dereva, kwa nia njema kabisa, akamuuliza anafanya ruti gani. Harlan alicheka mpaka machozi. Alikaa, akajifunza Kiswahili, akazeekea hapo.

Kwa miaka mingi aliongoza akiwa amevaa glavu-hisi, glavu nyembamba zilizonakili kila mtikisiko wa misuli yake. Bodi ya ukumbi ilimwambia ni za kumbukumbu, kwamba wanafunzi watajifunzia. Aliamini, kwa kuwa mwanafunzi alikuwepo kweli. Damari Mwaluko, binti wa Mpwapwa, alikuja kwake kupiga fidla, akaishia kusoma naye kila ukurasa wa muziki jikoni kwake, wakibishana mpaka chai inapoa. Maradhi yalipoanza kuitetemesha mikono ya mzee, kila mpigaji alijua nani atasimama pale mbele baada yake. Bodi peke yake ndiyo haikujua, au haikutaka kujua.

"Safi sana," alisema Dokta Sekwao, mwenyekiti wa bodi, aliyeketi kando yake kwenye mazoezi haya. "Maestro, wewe hufi. Wajukuu wa wajukuu zetu watakuja hapa kuongozwa na Weatherby."

"Na Damari je?"

"Damari ni mpiga fidla mzuri."

"Nimemfundisha kuongoza, Dokta. Unajua."

"Najua, mzee wangu. Lakini Jumamosi tunakizindua Kivuli, na kuanzia hapo cheo cha mwongozaji kinafutwa. Huwezi kuajiri mtu kwa kazi ambayo haipo."

Alilisema hilo kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Harlan. Hata kule Ohio walikuwa wapole.

Muziki ukafika kwenye sehemu ya polepole. Mikono myeusi ikasimama hewani. Ikasimama mno. Wapigaji wote wakabana pumzi, kisha pembe ya shaba ikaingia peke yake, ikakwaruza, ikapasuka katikati ya noti yake ndefu. Zuberi, kijana aliyeipiga, akainamisha kichwa.

"Hapo!" Sekwao alinong'ona kwa furaha. "Wachambuzi wanapaita Ukimya wa Weatherby. Kuna watu wamepatia udaktari hapo hapo. Kijana atazoea tu."

Harlan alisimama ghafla hata kiti kikagonga nyuma yake.

"Ukimya gani? Ile ni pumu!"

Okestra ikanyamaza. Mikono nayo, iliposikia muziki umekatika, ikashuka ikatulia.

"Pumu ya Simeoni!" alipiga kelele mzee. Waliokuwa wakongwe walijua mara moja anamsema nani. Simeoni Lechipya alipiga pembe ile tangu okestra inazaliwa, na kabla ya noti ile alihitaji kuvuta pumzi mara mbili. Kwa hiyo Harlan alimtazama usoni na kungoja. Simeoni akiwa tayari alipepesa macho, na mkono ukashuka. Hivyo ndivyo waongozaji wote wafanyavyo: humsubiri mtu. "Simeoni tumemzika sote hapa! Mashine yenu inamsubiri maiti avute pumzi, na huyu Zuberi, mwenye kifua kama mvukuto, mnamkaba koo bure! Halafu mnapaita ukimya!"

"Maestro, shusha sauti," alisema Sekwao. "Kivuli kimefuata ulichofanya. Kama ni kosa, basi ni lako."

"Halikuwa kosa. Ilikuwa kazi yangu!"

Mzee alikuwa ameanza kushuka ngazi kuelekea jukwaani, mkono ukitetemeka juu ya reli. Alikuwa amefukuzwa mara moja na wafu, na sasa amefanywa mfu ili afukuze walio hai. Hasira ilimpanda mpaka akaona ukumbi wote mwekundu.

"Damari! Weka fidla chini, mwanangu. Panda."

Damari alisita. "Mwalimu, wakiwasha tena Kivuli?"

"Wakiwashe. Wewe simama pembeni yake." Kisha akawageukia wapigaji. "Ndugu zangu, mna macho. Mtazameni mnayemtaka."

Sekwao hakukataa. Aligusa kibao chake cha kioo, mikono myeusi ikapanda, na sehemu ya polepole ikaanza upya. Kando ya mhimili wa chuma Damari aliinua mikono yake mitupu. Alikuwa na namna yake: kifundo cha kushoto alikilaza kidogo, kama anayepima joto la maji, na pigo lake lilikuwa jepesi kuliko la mwalimu wake. Wapigaji wa fidla ndio waliomgeukia kwanza, kisha besi, kisha okestra yote.

Walipofika pale, mikono myeusi ikasimama. Damari alimtazama Zuberi. Kijana akavuta pumzi, moja tu, nzuri, na Damari akashusha mkono. Pembe ikaingia pana, ya moto, ikapita juu ya fidla bila kukwaruza popote. Kivuli kikaachwa nyuma kimeduwaa, mikono juu.

Harlan alilia bila aibu. "Umesikia?" alimwambia Sekwao. "Huyo ndiye mwongozaji wenu. Umesikia mwenyewe!"

"Nimesikia," alisema Sekwao. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa akitazama kibao chake, na uso wake uling'aa. "Hongera sana, binti. Kwa kweli umetusaidia. Unajua, toleo hili la Kivuli halihitaji glavu. Linatazama tu."

Harlan akageuka. Mikono myeusi ilikuwa imeanza tena kupiga, na safari hii haikuchelewa. Ilikwenda sambamba na Damari, pigo kwa pigo, myepesi kama yake. Kifundo cha kushoto kilikuwa kimelala kidogo. Mpigaji mmoja wa fidla, ambaye kichwa cha mwenzake kilimkinga asimwone Damari, alikuwa tayari anakifuata Kivuli, wala hakuona tofauti.

"Ukumbi mzima una macho," aliendelea Sekwao. "Jumamosi tutaweza kuwapa watu Weatherby au Mwaluko, wachague wenyewe."

"Damari!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Shusha mikono! Shusha, mwanangu, shusha sasa hivi!"

Damari akashusha mikono. Kivuli hakikushusha yake.