Bisibisi Sikioni

Asubuhi ya Jumatatu karakana ya Mbugua, katikati ya Nakuru, ilikuwa imefurika wateja. Jalal alikuwa ameinamia leithi, ile mashine yake ya kukereza vyuma, ncha ya bisibisi ikigusa mashine na mpini ukiwa kwenye sikio lake la kushoto. Ndivyo alivyoipima afya kwa miaka kumi na miwili, akisikiliza mlio wake.

"Boss, unapiga stori na mashine?"

Aligeuka. Msichana mwenye hijabu ya zambarau na ovaroli safi kupita kiasi alisimama pale na visanduku vya kupima mtikisiko. Mbugua ndiye aliyemwita avifunge. Jina lake Fardosa.

"Inanijibu poa kuliko wasichana wa Milimani."

"Mimi ni wa Kiamunyi. Jaribu."

Akajaribu, naye hakujuta. Kufikia mwezi wa pili wa kujuana kwao, simu zilikuwa hazikatiki.

"Umekula, babe?" Fardosa angeuliza.

"Nitakulaje na haujanipikia?"

Kisha ikaja Alhamisi. Fardosa alisoma vipimo vya vile visanduku kwenye simu yake, akaingia mbio na kuzima leithi mbele ya wateja.

"Beringi ya mbele inapasuka!"

"Mimi sijaskia kitu."

"Hiyo ndiyo inaniogopesha."

"Unaniaibisha mbele ya watu? Enda!"

Siku tatu Jalal hakupokea simu za Fardosa. Kiburi kina kazi yake, na kazi yenyewe ni hasara.

Siku ya nne Mbugua alifungua mashine. Pete ya beringi ilikuwa na ufa. Ingevunjika ikizunguka, chuma kizito kinachokerezwa kingemrukia Jalal usoni. Mbugua akaizungusha mkononi.

"Inalia hivi na haukuskia?"

Jalal hakuisikia hata wakati huo. Akampigia Fardosa.

"Nisamehe. Umeniokoa, na mimi nikakufukuza."

"Nilijua kitambo. Nikikunong'oneza upande wa kulia, haujibu. Kila kitu unapeleka kushoto, na sasa hata huko kunafifia."

"Mbona haukusema?"

"Niliogopa utaacha kunipenda. Twende hospitali, tafadhali."

Wakaenda pamoja. Baada ya wiki mbili, Jalal alitoka kwa daktari na vifaa vidogo vya kusikia kwenye masikio yote mawili. Alisimama barabarani akisikiliza ndege, honi na wauza viazi vya Dundori, machozi yakimtoka bila haya. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, kisha akamgeuzia Fardosa sikio la kulia.

"Haya. Ulikuwa unaninong'oneza nini?"

Fardosa akasogea karibu. "Nilikuwa nauliza, wazee wenu watakuja kwetu lini?"

"Jumamosi," akasema Jalal. "Na uniulize tena. Nataka kuskia."