Uzi Kwenye Kidole

"Kamba ni yako, sawa. Na upepo nao ni wako?" Mama Pacha alifoka, akiinua shuka lililojaa tope.

"Shuka lako zito limekata kamba yangu, halafu mimi ndiye mkosaji? Makubwa haya!" alijibu jirani yake, nesi wa zahanati.

Chiriku alisimama kando akingoja nafasi ya kusema. Haikupatikana. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa hafungi mdomo. Tangu kaka yake aende shule ya bweni, nyumba ilikuwa imepoa. Mama alishona sare kiwandani. Aliondoka Chiriku akiwa bado amelala, akarudi amechoka hoi.

Juzi, kwa upweke, Chiriku alichezea cherehani ya mama pale nyumbani, aliyokatazwa kuigusa. Sindano ikamchoma kidole. Kikavimba, kikawa chekundu na cha moto. Leo asubuhi akaogopa mama ataona akirudi, akakikaza kwa uzi ili uvimbe usipande. Sasa ncha ilikuwa baridi, imekufa ganzi.

"Shikamooni," alisema. Sauti ikamezwa na zogo. Akageuka kwenda zake, machozi yakimlengalenga.

"We Chiriku!" Mama Pacha akasita. "Umeficha nini mfukoni?"

Akatoa mkono. Ugomvi ukaishia hapo hapo. Nesi akaukata uzi kwa uangalifu.

"Nani kakufunga hivi?"

"Mwenyewe, anti. Niligusa cherehani, nikachomwa. Nilitaka kuzuia uvimbe."

"Masikini! Uvimbe huo ni mwili unajitetea. Sindano imeingiza vijidudu. Walinzi walio chini ya ngozi wakaita msaada, mishipa ikatanuka, damu ikaja kwa wingi: ndio wekundu na joto. Majimaji yakavujia hapo, kidole kikavimba. Chembe nyeupe za damu nazo zikaja kuvimeza vijidudu. Wewe ukazifungia njia!"

"Kidole kitakatwa?"

"Damu inarudi, ona. Lakini walinzi nao huzidiwa. Twende zahanati."

Wakaenda wote watatu. Kidonda kikasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa. Kidole kilianza kuuma tena, na nesi akasema hiyo ni habari njema.

"Mama yako utamwambia mwenyewe, leo leo," nesi alimwonya waliporudi. "Mwili ukiumia huita msaada papo hapo. Na wewe ukiumia, sema. Ukificha, unawafungia njia wanaokupenda."

"Ndiyo, anti. Nitamwambia."

Akaelekea mlangoni kwao. Ndani kulikuwa kimya.

"Sasa huko unakwenda kukaa na nani?" Mama Pacha akamshika bega. "Ingia kwangu, nawa huo mkono usiouma, tule. Na wewe nesi, usijifanye umeshiba. Karibu!"