Kijiji cha Ng'ambo

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alimsaidia shangazi yake kufungua maktaba ya kata. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi ndiye aliyekuwa mkutubi. Ukutani, nyuma ya meza yake, ilitundikwa ramani kubwa iliyochorwa na darasa la Chiriku, ikionyesha vilima, vijito, vijiji vya sasa na mahame, yaani vijiji vilivyoachwa zamani. Watu waliotoka mbali kutafuta asili ya koo zao waliitegemea sana.

Siku hiyo aliingia bibi mmoja, ameshikwa mkono na mwanawe. Alieleza kwamba mama yake alizaliwa katika kijiji kilichokuwa ng'ambo ya mto, kikahamwa baada ya mafuriko. Alitaka kuikanyaga ardhi hiyo kabla miguu haijamkatalia kabisa. Shangazi akamwonyesha alama nyekundu. Bibi aliigusa kwa kidole, machozi yakamlengalenga.

Chiriku alisogea karibu na ramani. Alama ile aliiweka yeye. Mwalimu alimtuma akaulizie mahali penyewe, lakini jua lilikuwa kali, akaishia njiani na kukisia. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Ila bibi alikwishajifunga mtandio, tayari kuondoka.

"Bibi, usiende huko," alisema kwa sauti ndogo. "Hapo nilikisia tu. Sijui kijiji kilikuwa wapi."

Shangazi hakumgombeza. Aliuliza, "Sasa utafanyaje?"

"Nitakitafuta. Leo hii hii."

Alipita nyumba kwa nyumba kando ya mto. Wengine walimcheka, wengine wakamwelekeza ng'ambo, na huko alikuta kinamasi kitupu. Alirudi na matope hadi magotini, akiwa na hasira za kulia, lakini hakukubali kwenda nyumbani. Aliendelea kubisha hodi mpaka akamfikia mfinyanzi, mama mtu mzima aliyekuwa akikanda udongo uani.

"Mwanangu, mto ulihama," mfinyanzi alimwambia. "Udongo huu nauchimba kwenye mkondo wake wa zamani. Ng'ambo ya enzi hizo ndiyo huku huku tuliko."

Chiriku aliufuata mkondo mkavu, miiba ikimchana miguu, mpaka akaona mawe ya misingi ya nyumba yamejificha kwenye nyasi. Karibu nayo palikuwa na kisima kilichofukiwa. Alirudi mbio maktaba kuwaita shangazi, bibi na mwanawe.

Bibi alipofika, alipiga magoti kando ya kisima. Ukingo wake wa jiwe ulikuwa na mifuo mirefu iliyochimbwa na kamba za ndoo. Akaingiza vidole vyake humo.

"Mama alinisimulia jiwe hili," alisema. "Alisema kamba zimelitafuna kama panya." Akakaa pale, na hakuna aliyemharakisha.

Waliporudi maktaba, Chiriku alipanda juu ya kiti, akaifuta alama yake na kuchora mpya mahali pake halisi. Shangazi alikishikilia kiti kisiyumbe.

"Ulikosea kukisia," alimwambia, "lakini nimefurahi hukuliacha kosa likae. Mtu akiifuata ramani yako, amekuamini wewe. Usichokijua, sema hukijui, halafu kakitafute kama ulivyokitafuta leo."