Safari ya Alhamisi Isiyoandikwa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi walimkuta dereva wa gari la wagonjwa ameinamia usukani katikati ya daraja, kizibao chake chenye nembo ya chama cha misaada kimelowa damu, risasi mbili zimetoboa kioo upande wake. Gari lilikuwa tupu. Alikuwa anakwenda kuwachukua majeruhi tisa na wajawazito wawili ng'ambo ya mto, kwa kibali halali cha pande zote mbili zinazopigana.

Aliyemfumba macho ni Matroni, mkunga mstaafu na kiongozi wa watu wa kujitolea wa tawi la chama hicho. Marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Matroni hakulia.

Saa tatu kamanda wa wapiganaji wa ng'ambo alimpigia simu mjumbe wa Kamati, shirika la kimataifa lisiloegemea upande, mgeni ambaye kazi yake ni kuzungumza na pande zote mbili. Hakuzungukazunguka. Alhamisi gari hilohilo lilivuka na bunduki na risasi chini ya mablanketi, na vijana wake sita wameuawa kwa bunduki hizo.

"Nipeni jina kabla ya saa kumi jioni," alisema. "Bila jina, hakuna gari lenu litakalovuka tena. Na wagonjwa wenu watafia huku."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe safari hii ilikuwa na nembo. Matroni alikwenda moja kwa moja ofisini, akafunua daftari la safari. Mtu wa redio ndiye huandika humo kila gari linapotoka, na kila nusu saa huliita kwa redio mpaka lirudi. Alhamisi aliandika: gari liko gereji, siku nzima.

Basi watu wakamrukia fundi wa gereji. Kaka yake ni mpiganaji wa upande huu, nani angehitaji ushahidi mwingine? Hata Matroni alifika gereji akiwa ameshamhukumu. Alimkuta chini ya lori.

"Toka humo. Alhamisi gari la wagonjwa lilifika hapa saa ngapi?"

"Halikufika, Matroni."

"Daftari linasema lilishinda hapa."

"Hilo kaliulize daftari. Mimi nililetewa machela peke yake, saa mbili na nusu, nikaambiwa niichomelee mguu. Nimeigeuza juu chini, ubovu hata wa dawa hakuna. Ile pale."

Matroni aliitazama machela imeegemezwa ukutani. Gari la wagonjwa likitolewa machela halibebi mgonjwa. Linabaki na nafasi ya masanduku.

"Nani aliileta?"

"Mtu wa redio. Sasa ndiyo mnaniuliza? Toka asubuhi wote mnanitazama kama mwizi."

Matroni aligeuka, akarudi ofisini kwa mtu wa redio.

Mtu wa redio hakuhitaji kubanwa sana. Alipoona daftari mkononi mwa Matroni, alianza kusema mwenyewe.

"Nilitumwa na mwenyekiti wa tawi. Alisema anapeleka dawa ng'ambo. Dereva akamwambia hatii mguu garini bila karatasi ya kibali, wakabishana pale uani. Mwisho mwenyekiti akamnyang'anya ufunguo akaendesha mwenyewe. Saa nne kasoro alitoka, saa sita alirudi. Akaniambia niandike gereji."

"Ukaandika."

"Ni mwenyekiti, Matroni. Ningefanyaje?"

"Shemeji yangu alifanyaje? Alikataa, na hakuwa na chochote ila mdomo. Wewe ulikuwa na kalamu na redio."

Saa tisa na robo waliingia kwa mwenyekiti: Matroni, fundi na mjumbe wa Kamati. Mwenyekiti ni mfanyabiashara, mtu wa kucheka na kila mtu. Siku hiyo hakucheka.

"Nilipeleka dawa," alisema. "Shirikisho lenyewe lilinipa ruhusa kwa simu."

Mjumbe aliinua kichwa. Matroni akavuta kiti, akaketi.

"Rudia, mzee. Nani alikupa ruhusa?"

"Shirikisho."

"Ngoja nikufundishe leo. Sisi ni tawi, na juu yetu kuna chama cha taifa. Shirikisho linaunganisha vyama vya nchi zote, mafuriko yakija linaleta mahema. Lakini penye vita, kibali cha kuvuka kinaombwa na Kamati, huyu hapa. Mtu aliyejiunga jana kufunga bandeji anaambiwa hilo siku ya kwanza ya mafunzo. Wewe siku hiyo hukuja, ulituma salamu tu. Hata uongo wa kutudanganya sisi hukujifunza."

"Alhamisi sikuomba kibali chochote," alisema mjumbe taratibu.

Mwenyekiti alifuta uso kwa kiganja.

"Mwanangu na wapiganaji wenzake walikuwa wamezingirwa kule. Risasi zimewaishia. Ningemwacha afe? Wewe pia ni mzazi."

"Mzazi ndiyo. Na mdogo wangu ni mjane. Ulijua watalipiza. Leo alfajiri ulimwona shemeji anawasha gari, ukampungia mkono."

"Tuseme gari liliibwa," alinong'ona. "Ukweli utaliua tawi."

"Tawi umeshaliua. Chukua simu, umwambie kamanda kwa mdomo wako."

Saa kumi kasoro dakika tano alisema yote. Kamanda akaruhusu gari moja, na machela iwe ndani. Fundi ndiye aliyechukua ufunguo. Matroni alimwomba radhi mbele ya watu. "Tutaongea nikirudi," alijibu, akaondoka. Kufikia saa kumi na mbili, kwa safari tatu, wagonjwa wote kumi na mmoja walikuwa hospitali, na mwenyekiti alikuwa kituo cha polisi.

Matroni alikwenda kwa mdogo wake, akamweleza toka mwanzo.

"Kwa hiyo mume wangu alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Ndiye peke yake aliyekataa."

"Na huyo mwenyekiti, nani alimweka pale?"

"Wanachama tulipiga kura. Alituahidi matairi mapya ya gari la wagonjwa."

"Unasema tulipiga. Na wewe, dada?"

"Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Mdogo wake alinyanyuka, akafungua mlango, akaushikilia mpaka Matroni alipotoka.