Tangi la Mbele

"Shangazi, nipe nusu saa tu."

"Nusu saa ya nini? Kwao mchumba wako wanasubiri simu yangu. Waje kesho kupanga tarehe ya harusi, au wasije?"

Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani, kompyuta juu ya gauni la mteja. Wiki mbili sikuongea na mchumba wangu, mwalimu wa fizikia, na sababu nikiisema watu wanacheka: ndege ya kwenye gemu. Tunaunda pamoja vyombo vya kwenda sayari nyingine. Yeye injini na matangi, mimi mabawa na gari la kutembelea huko. Ndege yetu iliruka vizuri, ila kila ikitaka kutua, pua inanyanyuka, inabinuka. Akaandika kwenye kundi la wachezaji, watu mia nne: "Mabawa ya fundi cherehani hayo. Mlitegemea nini?"

Niliumia jamani. Nikavua pete.

Leo nilikuwa nimeapa. Kosa likiwa langu, nitalimeza. Likiwa lake, akiri mbele ya walewale, la sivyo hakuna harusi.

Nikarusha, ikabinuka. Nikarusha tena na tena. Mara ya tisa nikakodolea macho kile kialama cha njano kinachoonyesha uzito umekaa wapi. Tangi la mbele likaisha kwanza. Kialama kikarudi nyuma, kikayapita mabawa.

Nikampigia.

"Ulipokuwa unaijaribu, uliweka mafuta kiasi gani?"

"Nilijaza. Kwani vipi?"

"Kila mara?"

Nikamsikia akifungua kompyuta yake.

"Mama yangu wee," akasema. "Tangi la mbele."

"Likiisha, pua inakuwa nyepesi, mkia unaivuta. Matangi alipanga nani?"

"Mimi."

"Na mabawa?"

"Mabawa hayana shida. Nisamehe, mpenzi, nilikurupuka."

"Mimi hukuniaibisha chumbani. Ulinisema mbele ya watu mia nne."

Akakata simu. Nikajua amesusa. Shangazi akatazama saa ya ukutani, akaguna.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni kwenye kundi:

"Ndege ilibinuka kwa kosa langu. Niliijaribu tangi likiwa limejaa siku zote, na somo la mizani ya uzito nalifundisha kila mwaka. Mabawa ya mchumba wangu yako sawa. Fundi, naomba radhi mbele ya wote. Matangi yapange wewe, mimi sigusi."

Nikayasogeza matangi katikati, karibu na mabawa. Nikarusha, nikayamaliza mafuta karibu yote, nikashusha. Ikatua. Mlango wa nyuma ukafunguka, gari langu la magurudumu mapana likashuka kwenye mteremko, likayumba, likasimama.

"Imetua?" akaandika.

"Imetua."

"Nusu saa imekwisha," shangazi akasema, simu mkononi. "Niwaambieje?"

"Waambie waje," nikajibu, huku napekua kopo la vifungo nilimotupia pete.